Kurekebisha Picha Mbovu za Kamera Ndogo ya Dijitali: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Maswali ninayoulizwa kuhusu kamera ndogo za dijitali, zile za kutia mfukoni, hayazidi matano, na hurudi kila baada ya sherehe: kwa nini picha zina ukungu, kwa nini nyuso za watu zimekuwa nyeusi, kwa nini ukumbi mzima umegeuka wa njano, kwa nini picha imejaa chenga, yaani vidoadoa kama punje za mchanga, na kwa nini macho yamekuwa mekundu. Anayeuliza huwa amekwisha kuamua kwamba kamera ni mbovu, na analotaka kwangu ni jina la kamera nyingine ya kununua. Mara nyingi kamera ni nzima kabisa. Kila kasoro huacha alama yake ndani ya picha, na mtu akijifunza kuisoma alama hiyo atajua la kurekebisha kabla ya kutoa fedha yake mfukoni.

Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili ya mwenye kamera ambayo lenzi yake haibadilishwi, iwe aliinunua dukani au aliachiwa na ndugu, na ambaye hadi leo amekuwa akiiacha ijiamulie kila kitu.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Kamera yenye betri iliyojaa chaji. Ikiwa yako inatumia betri za AA, tafuta zile za kuchaji za aina ya NiMH, kwa sababu betri za bei nafuu huchoka upesi na flashi huchukua muda mrefu kuwa tayari tena.
- Kadi ya kumbukumbu ambayo picha zake umekwisha kuzihamishia kwenye kompyuta.
- Kitambaa laini cha kufutia miwani, na kipulizio kidogo cha mpira ukikipata.
- Kitabu cha maelekezo ya kamera. Kama kimepotea, soma namba ya modeli iliyoandikwa chini ya kamera, kisha upakue nakala kutoka tovuti ya mtengenezaji.
- Ukurasa wa gazeti uliobandikwa ukutani. Herufi ndogo hazifichi kasoro yoyote, kwa hiyo ndizo zinazofaa kwa majaribio.
- Picha tano au sita mbovu ulizopiga mwenyewe. Usizifute, kwa kuwa kazi inaanzia hapo.

Hatua ya 1: Isome picha mbovu

Fungua picha moja kwenye kompyuta, uikuze hadi ukubwa wake kamili, kisha uitazame sehemu kwa sehemu bila haraka. Skrini ya nyuma ya kamera haitoshi kwa kazi hii, kwa maana ni ndogo na picha yoyote huonekana safi humo.

Watu huita "ukungu" mambo manne yaliyo tofauti, na kila moja lina dawa yake. Ikiwa kila kitu katika picha, pamoja na kuta na viti, kimeburutika upande mmoja, na taa ndogo zimekuwa vijistari badala ya nukta, mkono wako ulitikisika. Nenda hatua ya 5. Ikiwa ukuta na viti vimetulia lakini mtoto anayecheza ameburutika, aliyesogea ni mtoto, na hapo kasi ya kamera ndiyo iliyokuwa ndogo. Soma hatua ya 8. Ikiwa uso umefifia huku pazia lililo nyuma yake likionekana hadi nyuzi, kamera ililenga mahali pasipo pake, na jibu liko hatua ya 4. Na ikiwa picha nzima ina weupe kama wa maziwa, na kila taa imezungukwa na duara la mwanga, basi lenzi ni chafu.

Hatua ya 2: Safisha lenzi

Washa kamera ili lenzi itoke, kisha uielekeze dirishani na uitazame kwa pembeni. Alama ya kidole gumba itajitokeza mara moja, kwa kuwa ni mafuta na mafuta hung'aa. Puliza vumbi kwanza kwa kipulizio, halafu futa kwa kitambaa cha miwani ukizunguka kutoka katikati kwenda ukingoni bila kukandamiza. Alama ikigoma, pumua kidogo juu ya kioo na ufute tena.

*Tahadhari:* Usifute kwa pindo la shati, kwa sababu vumbi lililonaswa katika kitambaa hukwaruza kioo, na mkwaruzo hauna dawa. Usitumie kabisa thina wala dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Ufukweni, usiwashe kamera yenye mchanga mpaka umeipangusa pande zote. Chembe moja ikiingia kwenye mirija ya lenzi huikwamisha, na ufundi wake hugharimu karibu sawa na kamera yenyewe.

Kwa wakazi wa pwani kuna ukungu mwingine, ule wa kutoka chumba chenye kiyoyozi na kuingia hewa ya nje yenye unyevu. Kioo cha baridi hupata umande papo hapo. Iache kamera ndani ya mfuko uliofungwa kwa muda wa nusu saa ili ipate joto taratibu, nawe usiufute umande huo, maana utarudi kabla hujamaliza kufuta.

Hatua ya 3: Kagua mipangilio ya msingi

Ingia kwenye menyu na utazame mambo matatu. La kwanza ni ukubwa wa picha, ambao uwe mkubwa kabisa, na ubora uwe wa juu kabisa. Kamera nyingi zinazopita mikononi mwangu nazikuta zimewekwa kwenye ukubwa mdogo na mtu aliyetaka kubana nafasi miaka mingi iliyopita, na mwenye kamera hana habari.

La pili ni zumu ya dijitali, ambayo inapaswa kuzimwa. Zumu ya kweli ni ile ya lenzi kutembea. Ile ya dijitali hukata tu kipande cha katikati cha picha na kukitanua. Kamera ya megapikseli 16, yaani nukta za picha milioni 16, ikivutwa mara nne kwa njia hiyo hubakiwa na megapikseli 1 ya picha halisi, kwa sababu kipande kilichobaki ni robo ya upana na robo ya urefu. Ni afadhali utembee hatua kumi kumkaribia unayempiga.

La tatu ni tarehe inayochapwa kwenye kona ya picha. Izime. Kamera huihifadhi tarehe ndani ya faili hata hivyo, lakini ile rangi ya chungwa juu ya gauni la bibi harusi haifutiki.

Hatua ya 4: Bonyeza nusu kwanza

Hili ndilo kosa ninalolikuta kwa karibu kila anayeanza. Kitufe cha kupigia picha kina hatua mbili. Ukikibonyeza nusu na kukishikilia, kamera hupima mwanga na kulenga, kisha huonyesha kisanduku cha kijani au hulia mlio mfupi. Hapo ndipo unapomalizia kubonyeza. Anayekikita mpaka chini kwa mara moja huilazimisha kamera ipige kabla haijamaliza kulenga.

Fanya zoezi hili kwenye gazeti lako la ukutani: bonyeza nusu, subiri kijani, hesabu moja, malizia. Rudia mara ishirini hadi kidole kizoee chenyewe.

Watu wawili wakisimama bega kwa bega, kisanduku huweza kuangukia mwanya ulio kati yao na kulenga mti ulio nyuma. Mwelekeze kamera mmoja wao, bonyeza nusu, kisha ukiwa bado umeshikilia, rudisha kamera katikati na umalizie. Kisanduku kikiwa cha njano au kikipepesa, kamera inakuambia imeshindwa. Aghalabu umesogea karibu mno. Kwa kawaida kamera inahitaji umbali wa nusu mita hivi, na kwa kitu kilicho karibu zaidi, kama pete au hina ya mkononi, washa alama ya ua na uirudishe zumu mwanzo kabisa.

Hatua ya 5: Utulize mkono

Shika kamera kwa mikono miwili, bana viwiko mbavuni, egemea nguzo au ukuta, na ubonyeze wakati unatoa pumzi. Kamera ikionyesha kasi ya 1/60, yaani inapokea mwanga kwa sehemu moja ya sitini ya sekunde, au kubwa zaidi bila kuvuta zumu, watu wengi wanaweza kuishika wakapata picha safi. Ikishuka hadi 1/15, iweke juu ya meza au kiti, washa saa ya kujipigia ya sekunde 2, na uache mkono. Sekunde hizo mbili humaliza mtikisiko wa kidole, na ni njia isiyo na gharama ambayo wengi wanayo ndani ya kamera na hawajawahi kuigusa.

Kadiri unavyovuta zumu ndivyo mtikisiko unavyokuzwa. Ikiwa kamera ina kizuia mtikisiko, kiwashe unaposhika kwa mkono.

Hatua ya 6: Ziokoe nyuso na giza

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo picha nyingi za familia zetu zinapoharibika.

Nina picha ya nikahi iliyopigwa na kijana wa nyumbani kwetu, barazani, karibu na saa sita mchana. Wanaume kumi na wawili wamesimama safu moja wakiwa na kanzu nyeupe, na nyuma yao upo ukuta uliopakwa chokaa. Kofia za viua zinaonekana hadi tundu la sindano, lakini nyuso zilizo chini ya kofia hizo ni vivuli vitupu, na babu yake bibi harusi simtambui ila kwa bakora yake. Kijana aliambiwa kamera yake haina nguvu, naye akaamini.

Kamera haijui kuwa inatazama kanzu. Inachojua ni kiasi cha mwanga, nayo imeundwa kudhani kwamba ukichanganya vyote vilivyo mbele yake utapata kijivu cha wastani. Weupe ukijaa kwenye picha, huona mwanga umezidi na kuupunguza, nazo ngozi zetu, ambazo tayari ni nyeusi kuliko kijivu hicho, huzama gizani. Mambo hugeuka palipo na mabaibui: kina mama wakikaa pamoja chumbani wamevaa mabaibui meusi, kamera hudhani kuna giza, huongeza mwanga kupita kiasi, na nyuso hutoka zimepauka kama zilizomwagiwa unga.

Dawa ya yote mawili ni kitufe chenye alama ya +/-. Katika hali ya Auto mara nyingi hakipatikani, basi zungusha gurudumu au uchague kwenye menyu hali ya P. Kisha fanya hivi:

a) Piga picha moja ukiwa kwenye 0 na utazame nyuso tu, usitazame nguo.
b) Palipo na kanzu nyingi, ukuta mweupe, mchanga wa pwani au dirisha nyuma ya mtu, panda hadi +0.7 au +1.
c) Palipo na mabaibui au suti nyeusi zilizojaa picha, shuka hadi -0.7.
d) Ukimaliza, rudisha kwenye 0. Usiporudisha, picha zote za kesho yake zitatoka zimezidi mwanga au zimepungua, nawe hutakumbuka sababu.

Usiogope kanzu kupoteza mikunjo kidogo. Miaka ishirini baadaye watu watatafuta uso wa babu, na hakuna atakayeulizia mikunjo ya kanzu yake.

Jua la utosini, ambalo huku kwetu lipo karibu mwaka mzima, huweka kivuli ndani ya macho na chini ya pua hata kwa aliyevaa nguo ya rangi yoyote. Wapeleke watu chini ya mwembe au upande wa nyumba wenye kivuli, au ukishindwa, ilazimishe flashi iwake mchana. Wengi hushangaa kusikia hivyo, lakini mchana wa jua kali ndipo flashi ndogo hufanya kazi yake nzuri kuliko zote, kwa mtu aliye umbali wa mita mbili. Ukiweza kuchagua saa, mwanga laini hupatikana hadi saa tatu asubuhi na tena kuanzia saa kumi jioni.

Hatua ya 7: Jua mpaka wa flashi

Flashi ya kamera ndogo hufika mita tatu au nne, basi. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaomfikia mtu hubaki robo. Kumpiga msemaji aliye jukwaani kutoka viti vya nyuma kwa flashi ni kuangaza visogo vya waliokaa mbele yako. Ukivuta zumu mambo huwa magumu zaidi, kwa kuwa tundu la lenzi katika kamera nyingi za aina hii husinyaa kutoka f/2.8 hadi karibu f/5.9 (namba ikikua, tundu hupungua), na flashi hufika nusu tu ya pale ilipokuwa ikifika. Sogea mbele, acha zumu.

Macho mekundu hutokea kwa sababu flashi iko karibu mno na lenzi, hivyo mwanga huingia kwenye mboni iliyofunguka gizani na kurudi na rangi ya damu. Washa taa zote za chumba ili mboni zipungue, na mwambie mtu atazame sikio lako badala ya lenzi. Ukitumia hali ya kuzuia macho mekundu, waonye watu kwamba flashi itawaka zaidi ya mara moja; wasipoonywa hutawanyika baada ya mwako wa kwanza, na picha yenyewe huwa bado haijapigwa.

Nimeletewa pia picha za usiku zenye miviringo myeupe inayoelea hewani, na walioleta walikuwa na hofu ya kweli, wakidhani ni majini. Ni vumbi au matone ya mvua yaliyo karibu sana na lenzi, yanayopigwa na flashi. Piga picha ileile bila flashi nayo miviringo hutoweka.

Hatua ya 8: Punguza chenga

Sensa, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, katika kamera nyingi za mfukoni ina upana wa milimita 6 hivi, chini ya upana wa ukucha wa kidole cha mwisho. Ikipewa mwanga mdogo hulazimika kuukuza, na kwa kuukuza hukuza pia takataka za umeme, ndizo zile chenga. Kiasi cha kukuza huitwa ISO. Kwa kamera za zamani usizidi 400 unapoweza, na kwa zile za miaka ya karibuni 800. Mchana weka 100.

Hata hivyo, ISO ikiwa ndogo kasi nayo hushuka, na mtoto anayekimbia huhitaji 1/250 au zaidi. Ikibidi kuchagua kati ya chenga na mburutiko, chagua chenga. Picha yenye chenga huchapwa ikaonekana vizuri. Iliyoburutika haitengenezwi na programu yoyote ukaipenda.

Hatua ya 9: Rekebisha rangi

Njano ya globu na kijani cha taa za mirija huondolewa kwa kuchagua alama ya globu au ya mrija kwenye mizani ya weupe, yenye herufi WB. Kinachowashinda wengi ni turubai la sherehe. Chini ya turubai la buluu kila uso huwa wa buluu, na hakuna alama iliyotengenezwa kwa ajili ya hali hiyo. Chagua upimaji wa mkono, mwombe mtu ashike karatasi nyeupe palepale chini ya turubai, ijaze picha nzima, kisha bonyeza kitufe cha kupima. Usipime kwa kanzu, kwa maana nguo nyeupe hutiwa buluu wakati wa kufuliwa na weupe wake hauaminiki. Ukitoka nje ya turubai, rudisha kwenye Auto.

Tatizo likiendelea

*Doa moja linarudi mahali palepale katika kila picha.* Piga picha ya mbingu isiyo na mawingu. Doa likibaki baada ya kufuta lenzi, vumbi limeingia ndani hadi kwenye sensa, na kufungua kamera ni kazi ya fundi. Utando mfano wa buibui ndani ya kioo ni kuvu. Ihifadhi kamera pamoja na vipakiti vya silika, vile vya kunyonya unyevu, ndani ya chombo chenye kifuniko, kabla utando haujaenea.

*Mstari wima wa zambarau au mweupe kwenye skrini jua au taa ikiwa mbele.* Ni tabia ya sensa za zamani za aina iitwayo CCD. Badili pembe.

*Picha zote ni nyeusi, au zimegeuka zambarau na kupinda.* Ikiwa kuzima na kuwasha kamera hakusaidii, sensa imekufa. Mwaka 2005 watengenezaji kadhaa walitangaza kasoro ya namna hii katika kamera zilizotengenezwa miaka michache kabla ya hapo, nayo ilijitokeza zaidi penye joto na unyevu. Ukiuziwa kamera ya mtumba ya umri huo, ijaribu kwanza hapohapo.

*Nusu ya picha ni ya kijivu.* Kadi ina hitilafu, au ilichomolewa kamera ikiwa bado inaandika. Hamisha picha zilizo nzima, kisha ifomati kadi, yaani ifute yote na kuiandaa upya, ndani ya kamera yenyewe. Kamera nyingi zilizotoka kabla ya mwaka 2006 hupokea kadi za SD zisizozidi GB 2.

*Picha ni safi kwenye kompyuta, mbaya kwa ndugu aliyetumiwa.* WhatsApp huibana picha inapoituma kwa njia ya kawaida. Itume kama waraka, nayo itafika jinsi ilivyo.

*Picha iliyochapwa ni hafifu.* Karatasi ya sentimita 10 kwa 15 inahitaji takriban pikseli 1800 kwa 1200, ambazo hata kamera ya megapikseli 3 inazo. Peleka faili la asili kutoka kwenye kadi, lile ambalo halijapita kwenye simu ya mtu yeyote, na umwombe mchapaji akutolee moja ya majaribio kabla ya kuchapa zote.